Herufi Zinazoinama Kulia

Mtu mzima yeyote wa mji ule amewahi kuelekezwa njia na Mshazari, hata kama hajawahi kumtia machoni. Ukiumwa, ni herufi zake zilizokuonyesha mlango wa zahanati. Ukitaka kuziba pancha, kushona suruali, kuuza chupa tupu au kung'oa jino, ni yeye aliyeandika ukutani kwamba hapa ndipo. Na ulizitambua hata kabla hujazisoma. Zilikuwa herufi nene, ndefu, zimebanana bega kwa bega, na zote zimeinama kulia kama watu waliochelewa kazini. Hazikuwa na vijimkia wala visigino wala madoido. Kila mstari ulianza pale brashi ilipotua na kuisha pale ilipoinuka. Kwa ajili ya kule kuinama watu wakampachika jina la Mshazari, na jina likamganda mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo mbele za watu, ingawa nyumbani alimwita Fundi.

Unene wa herufi zile haukuwa na siri. Mshazari alitaka mtu aliye ng'ambo ya barabara, jua linampiga usoni na miwani ameisahau nyumbani, aweze kusoma bila kukunja uso. Kubanana nako kulikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ni wenye maduka. Mwenye duka anakupa ukuta mwembamba ulio kati ya mlango na dirisha, halafu anataka ubebe jina lake, kazi yake, sifa zake zote, na onyo la kutokojoa hapo. Mshazari hakuwahi kumwambia mteja apunguze maneno. Alizibana herufi viuno, zikaingia zote, na hakuna iliyolalamika.

Lakini kuinama? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Fundi baiskeli alisema ni ujanja wa biashara, herufi zikionekana zina haraka mteja naye huharakisha. Mwalimu mmoja alisema rula yake ilipinda zamani na mzee ana aibu ya kununua nyingine. Mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba mkono wake ulizaliwa hivyo, na hakuna anayeiuliza pua kwa nini iko usoni. Alikuwa amelisema jibu hilo mara nyingi mno hata akaliamini.

Mkewe hakuwahi kuchora hata nukta. Kazi yake ilikuwa kushika kopo. Mshazari alipanda juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa mawili, na mke akapanda naye, akasimama upande wake wa kulia na kopo la rangi mikononi. Kulia, kwa sababu kushoto ndiko zinakobaki herufi mbichi, na nguo ikigusa herufi mbichi umeharibu herufi na nguo. Herufi moja ikiisha, mke anasogea hatua kuipisha inayofuata. Na huku akishika kopo, aliongea. Alikuwa na sauti ya chini, sauti ya kuongea na mtu mmoja tu, maana habari zake hazikuwa za kusikiwa na mtaa mzima. Nusu yazo zilihusu huo huo mtaa. Nani kahama, nani kanuna, mtoto yupi ameanza kikohozi, kwa nini shemeji alikuja mikono mitupu akaondoka na kuku. Mshazari alichora na kuguna. Watu wakimuuliza mama watoto anajishughulisha na nini siku hizi, alijibu, "Ananishikia kopo tu." Mke akiwa karibu alicheka, akasema kopo lenyewe zito.

Mama huyo alifariki miaka michache kabla ya kisa hiki. Mshazari akakunja waya, akatengeneza ndoano, akaning'iniza kopo kiunoni, kazi ikaendelea. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa mbele za watu, alilia kidogo sana.

Nyumbani alibaki na kitinda mimba wake, binti aliyefanya kazi katika duka la kuchapa mabango. Huko tangazo la ukubwa wa mlango hutoka mashinani likiwa limekauka kabla mteja hajamaliza kusimulia anachotaka. Baba na binti walipendana sana na kutaniana bila huruma. Baba aliiita mashine ile pasi ya umeme. Binti aliyaita mapipa ya baba ofisi, na akitoka asubuhi alimwuliza kama leo ofisini kuna mkutano. Ila ndani ya utani kulikuwa na ombi. Binti alitaka kuziingiza herufi za baba kwenye kompyuta, seti nzima, ili mtu yeyote aweze kuandika nazo. Baba alikataa katakata. Alisema herufi si muhuri wa kugongagonga. Siku moja binti alichukua herufi nene zilizosimama wima, za kwenye mashine, akaiamuru mashine izilaze, akamletea baba karatasi. Baba aliitazama kwa muda.

"Hizi zimesukumwa," alisema. "Zangu zinakwenda zenyewe."

Binti hakubisha, kwa sababu macho anayo na alikuwa ameshaliona hilo. Lakini hakuacha. Kila alipopita kwenye ukuta wa baba yake alitoa simu akaupiga picha, akajitia hamnazo.

Ukuta wa kinyozi ndio ulioleta balaa. Ulikuwa umepasuka, ukabomolewa, ukajengwa na kupigwa plasta upya, na maandishi ya zamani yakaenda na kifusi. Mshazari aliyaandika enzi za baba yake kinyozi, na kinyozi wa sasa alikua akiyaona kila anapoletwa dukani. KINYOZI, kwa herufi kubwa, na chini yake NYOA, PUNGUZA, CHONGA NDEVU. Alimwita Mshazari akamwambia anataka yale yale. Kazi ndogo. Mshazari alipiga mistari ya chaki, akaandika, akashuka, akavuka barabara kwenda kutazama kwa mbali kama ilivyo desturi yake. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, akavuka naye, akatazama, akakuna kichwa.

Alisema ni nzuri. Alisema imetulia. Kisha, kwa upole wa mtu asiyetaka kumvunjia mzee heshima, akasema, "Lakini, mzee wangu, siyo ile."

Mshazari alipandwa na hasira. Aliuliza siyo ile kwa lipi, wakati herufi ni zake, mkono ni wake, na rangi ni ya kopo lile lile la siku zote. Kinyozi hakuweza kueleza. Wateja waliokuwa wakisubiri wakatoka kutoa maoni, kwa kuwa foleni ya kinyozi ni baraza la watu wasio na haraka, na mmoja wao akasema ile ya zamani ilikuwa inakuita, hii inakungoja. Mshazari alipaka chokaa juu ya kazi yake, na kesho yake akarudi akaandika tena, kwa uangalifu zaidi, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Ikawa mbaya zaidi. Herufi zilisimama kama askari wanaokaguliwa. Safari hii hakuhitaji kuambiwa. Kinyozi alimsaidia kushusha ubao, akamwambia asijisumbue tena, labda atakwenda kuchapisha bango la plastiki, yaishe.

Hilo "yaishe" lilimchoma. Kwamba mji unahamia kwenye plastiki, hilo alikuwa ameshalizoea na hakuwa na ugomvi nalo. Kilichomtisha ni kwamba hawezi tena kuandika herufi zake mwenyewe, na hajui zimemtoka lini. Mtu akiangusha ufunguo hurudi alikopita, ainame, atafute. Yeye arudi wapi? Alitembea mpaka nyumbani akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu aliyemdanganya.

Binti alimkuta uani akiosha brashi kwa mafuta ya taa, moja moja, hata zile ambazo hazikutumika. Alizikausha kwa kitambaa, akazipanga ndani ya mkebe, akauweka mkebe mbele ya binti yake.

"Chukua, mama. Mkono umezeeka."

Binti hakuugusa mkebe. Alikwenda jikoni, akarudi na birika na vikombe, akamwomba baba amimine chai. Baba akamimina, akajaza mpaka ukingoni, na hakuna tone lililoanguka. Binti akamwambia mkono uliozeeka hauwezi kumimina hivyo. Kisha akatoboa jambo alilokuwa akilificha. Zile picha za kuta alikuwa akiziweka kwenye kompyuta, akikata herufi moja ya ukuta huu, nyingine ya ukuta ule, ajaribu kuzipanga ziwe seti. Nazo zilikataa kukaa pamoja. K hii imelala, K ile imesimama. Kwanza alidhani ni simu aliyoishika vibaya. Sasa hakuwa na hakika.

"Kesho Jumapili," alisema. "Chukua ile skwea yako ya mbao ya kupimia wima tuzunguke."

Baba alisema hana haja ya kwenda kupima kazi yake kama askari wa barabarani. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Walianzia kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa ule ndio ukuta wa zamani kuliko yote. Rangi ilikuwa imepauka, vumbi la unga limejaa kwenye vijishimo vya plasta, lakini herufi zilikuwa bado mwendoni. Mshazari aliweka skwea, akaona zilivyoinama sawasawa, moyo ukamtulia, akaanza kujigamba. Alisimulia kwamba siku ile mama yake binti alikuwa akimhadithia ugomvi wa harusi ya dada yake, mwanzo mpaka mwisho, na walipofika kwenye neno KUKOBOA bwana harusi alikuwa bado hajapatikana. Binti alicheka. Wakaenda kwa mshona nguo, wakaenda kwa mng'oa meno. Kote huko herufi zilikuwa zimeinama kulia, na kote huko mzee alikumbuka alichokuwa akisimuliwa, jambo ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe, maana siku zile aliona anaguna tu.

Kwenye ukuta wa pancha alisimama. N ya katikati ya PANCHA ilikuwa imelala kuliko wenzake, kiasi kwamba ilikaribia kumwegemea C.

"Hapa ndipo aliponipa habari zako," alisema. "Kwamba ni mjamzito. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu fundi pancha alikuwa na masikio."

Binti aliipapasa ile N kwa kiganja. Pengine si kila mtu anabahatika kuuona ukutani mstari wa siku aliyotangazwa.

Kisha wakafika zahanati. Ule ndio ukuta wa mwisho ambao mama alishika kopo. Alikuwa tayari mgonjwa, amekonda, lakini alikataa kubaki nyumbani akasema nyumba inamnyamazia. Hakuweza tena kupanda juu ya ubao, kwa hiyo Mshazari aliandika maneno chini, usawa wa kifua, na mke akakaa kwenye kiti, upande ule ule wa kulia, kopo mapajani. Binti alikuwa na picha ya ukuta huu kwenye simu na alijua watakachokuta, ila alitaka baba akione kwa macho yake. Herufi za zahanati zilikuwa zimelala kuliko za kuta zote. Mzee aliweka skwea, akaiondoa, akaiweka tena.

"Mama alikuwa wapi hasa?" binti aliuliza.

Mshazari akamwonyesha. Kiti kilikuwa hapa, na yeye alikuwa hapa. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibidi afanye hivi ili aipate. Akainua mkono kama aliyeshika brashi, akainamisha kichwa upande wa kulia, chini, kuelekea mahali palipokuwa na kiti. Na akiwa ameinama hivyo, macho yake yakaangukia ukutani. Herufi zote za zahanati zilikuwa zimesimama wima kabisa.

Alibaki hivyo, kichwa upande, mkono hewani. Mgonjwa aliyekuwa akitoka mlangoni alimpita kwa uangalifu, akidhani ni mgonjwa mwenzake. Binti alimsogelea akamshika kiwiko.

"Nilikuwa namsikiliza," Mshazari alisema.

Hakukuwa na haja ya kwenda tena kwa mnunua chupa wala kwenye kuta nyingine za miaka ya ndoano na waya. Huko kichwa chake kilikuwa kimenyooka, hakuna wa kumwinamia, na herufi zikanyooka nacho, kidogo kidogo, ukuta hadi ukuta, bila yeye kujua. Alikaa kwenye ngazi za zahanati akalia, mbele za watu, na safari hii hakujali. Alilia kwa uchungu, na katika uchungu huo mlikuwamo aibu. Miaka yote ile alipoulizwa mkewe anafanya nini, alijibu kwamba anamshikia kopo tu. Aliisema hiyo "tu" kwa wateja, kwa ndugu, kwa watoto wake. Na yeye mama wa watu alicheka, akasema kopo zito.

Jumatatu binti aliomba ruhusa kazini. Walipaka chokaa ukuta wa kinyozi mapema, wakangoja ukauke, wakapanda ubaoni wote wawili. Binti alisimama kulia na kopo mikononi, amevaa nguo aliyokuwa radhi kuipoteza. Kinyozi aliwachungulia kupitia dirishani, akaona ni heri aendelee na ndevu za watu.

Herufi ya kwanza ikasimama wima. Mshazari akaifuta kwa kitambaa kabla haijashika. Binti alikuwa amenyamaza, ameukodolea macho mkono wa baba kama mtu anayetazama mpira.

"Ongea," baba alisema.

"Niongee nini?"

"Mama yako hakuwahi kuniuliza hivyo."

Binti akaanza, kwa kujilazimisha. Alisimulia habari za kazini, za mteja aliyechapisha bango la harusi lenye jina la bibi harusi wa zamani. Baba aliguna. K ikatoka, imeinama kidogo. Binti akaona watu wamesimama barabarani, akashusha sauti. Akasema kuna jambo lingine. Akasogea hatua, akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. Kuna mtu anataka kuja nyumbani kumwona baba. Amekuwa akitaka tangu zamani, yeye ndiye aliyekuwa akimzuia, kwa kuwa aliogopa baba atabaki peke yake na mapipa.

Mshazari aliinamisha kichwa mpaka shavu likakaribia bega. Brashi haikusimama.

"Ana kazi?"

"Yuko kwetu. Ndiye anayeendesha mashine."

"Ile pasi?"

"Ile pasi, baba."

Mzee aliguna, guno refu la neno zima la PUNGUZA. Akauliza kwao ni wapi, ana heshima au ana maneno mengi, anakula nini, anacheka na nini. Binti alijibu yote kwa sauti ile ya mtu mmoja, kopo linamchosha mikono, naye akilihamisha kutoka mkono huu kwenda ule, na sasa akajua kwamba mama yake hakuwa akitania juu ya uzito. Walipofika kwenye NDEVU baba alikuwa amekubali kumwona huyo kijana, bila kuahidi lolote.

Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa, wakavuka barabara wote wawili. Herufi zilikuwa nene, zimebanana, na zimeinama kulia. Hazikuinama sawa na za mama. Binti hana sauti ya chini kiasi kile, na kila mtu na mwinamo wake. Kinyozi alizitazama mpaka mteja wake akaanza kuona haya ya nusu ya kichwa. Kisha akarudi, akaupokea mkono wa mzee uliojaa rangi kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Ndiyo hii."

Wiki ile ile Mshazari alikwenda mwenyewe dukani kwa binti yake, amechana nywele, akamwomba amwonyeshe hiyo kompyuta. Walikaa siku kadhaa wakizipanga. Q na X, ambazo hakuna mteja aliyewahi kuziagiza, alizichora papo hapo kwenye karatasi huku binti akimwongelesha. Kijana wa mashine aliwaletea maji ya kunywa mara nyingi kuliko kiu yao, na mzee alimchunguza chini ya miwani. Swali gumu lilikuwa ni mwinamo upi uchukuliwe, maana kila ukuta ulikuwa na wake. Mshazari hakutaka vipimo. Alisimama mbele ya kioo cha kompyuta, akainamisha kichwa kulia kama alivyofanya zahanati, akamwambia binti azilaze pole pole. Binti akazilaza, zikaendelea kulala, mpaka mzee akainua mkono. Kwake yeye zilikuwa zimesimama wima.

Mwishoni mashine ilitaka jina la herufi zile, maana bila jina haihifadhi. Binti hakufikiri mara mbili, akaandika Mshazari.

"Futa hilo," baba alisema. "Andika Mshika Kopo."

Binti alimgeukia, akamtazama, kisha akafuta na kuandika. Maneno yakatokea kwenye kioo, nene, yamebanana, yameinama kulia, na mzee akainamisha kichwa kuyasoma.